Riwaya Uipendayo Katika Siku Iliyojaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nauza vitenge Kariakoo, nakaa Ukonga, nina watoto wawili na mume anayefanya kazi ya zamu. Kwa mwaka namaliza riwaya 12, mwaka mzuri 14, na zaidi ya nusu yake ni zile nilizokwisha kuzisoma zamani. Wateja wanaonikuta nimekilaza kitabu juu ya jora huniuliza, majirani huniuliza, na wifi yangu haachi kuniuliza. Nimeyakusanya maswali yao hapa, pamoja na majibu ambayo dukani hukatizwa na mtu anayetaka kujua bei ya doti.

Dada, huo muda unaupata wapi? Mimi nikifika nyumbani ni kupika, kufua, kulala.

Unao, ila umekatika vipande na kila kipande kimejificha ndani ya kungoja. Chukua siku moja, Jumatatu kwa mfano, uhesabu unavyongoja. Mimi nilihesabu nikashangaa: dakika 20 kituoni, karibu saa nzima barabarani, dakika 15 nikimsubiri mwenye funguo za geti, nusu saa ya mwisho ya maharage jikoni, dakika 10 mteja alipokwenda kwa wakala kutoa pesa. Zote hizo nilikuwa nazimalizia kwenye simu, nikitazama sherehe za watu nisiowajua.

Kurasa 10 kwa siku zinaenea humo. Kwa siku 6 za kazi ni kurasa 60, na riwaya ya kurasa 240 imekwisha ndani ya wiki 4. Hesabu yangu ya mwaka mzima ni hiyo tu.

Lakini kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Vipande vya muda havifai kwa kila kitabu. Riwaya mpya, kurasa zake 50 za mwanzo zinataka ukae kitako. Majina hujayazoea, hujui nani ni mtoto wa nani, nyumba iko upande gani wa mji. Ukiisoma dakika 10 leo na dakika 10 kesho, kila siku unaanza upya, na mwisho unaiweka kabatini ukisema huna muda. Riwaya uliyokwisha kuisoma haina taabu hiyo. Unaifungua popote na kuingia kama unavyoingia kwa mama yako kwa mlango wa uani, bila kupiga hodi, ukijua sufuria iko wapi na nani yuko chumba gani. Ukikatizwa, unatoka. Ukirudi, unawakuta palepale.

Kwa hiyo riwaya mpya naianza Jumapili mchana, nikiwa na saa 2 za kukaa. Za zamani ndizo za daladala, za foleni, za jikoni. Miaka ile yote niliyokuwa nashindwa kusoma, nilikuwa nabeba kitabu kipya kwenye muda wa vipande.

Kwa nini urudie kitabu ulichokwisha kusoma, na kuna vingi hujavigusa?

Wimbo wa taarabu ukipigwa harusini, hakuna anayesema, "Huu nimeshausikia." Watu ndiyo kwanza wanainuka kwenda kutunza. Kinachopendwa hurudiwa.

Nitakupa mfano wa kitabu ninachokijua vizuri. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, niliisoma mara ya kwanza nikiwa na miaka 19. Nilikimbia. Nilitaka kujua Yasmin atafanyaje baada ya kuozwa kwa Bwana Raza, mtu mwenye umri wa kumzaa, na kama Denge, kijana mpinga ukoloni, atamponyoka Inspekta Wright wa polisi. Nilimaliza kwa siku 3 na kama ungeniuliza habari za Mwajuma ningekujibu kwamba ni rafiki yake Yasmin, basi.

Mara ya pili nilikuwa natafuta maisha. Safari hiyo niliyemwona ni Mwajuma. Huyu mwanamke wa Ng'ambo, mtaa wa Unguja mjini, asiye na kitu, anampokea binti aliyefungiwa mlango na jamaa zake, anamlaza kwake, anamlisha anachokula, wala hamuulizi maswali mengi. Mimi wakati huo nilikuwa nimepokelewa hivyohivyo na mwanamke mmoja wa Buguruni ambaye hatukuwa ndugu. Nilisoma kurasa zile nikiwa nimekaa kitandani kwake. Kitabu kilikuwa kilekile, herufi zilezile, lakini wakati nina miaka 19 Mwajuma alinipita kama abiria wa kiti cha nyuma.

Mara ya tatu nilisoma kwa ajili ya mji wenyewe: vichochoro, usiku, ngoma, watu wanavyotaniana. Sikuwa na haraka kwa sababu nilijua tunakokwenda. Haraka ndiyo inayotunyima mengi kwenye usomaji wa kwanza. Tunamkimbilia mhusika kujua kama atapona, na njiani tunaikanyaga lugha.

Mfano mwingine unauma zaidi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana wa miaka 20 na kitu, na kuna wakati ilizuiwa mashuleni. Nilipoisoma kidato cha tatu, kwa kificho, nilichokiona ni fimbo ya Zakaria ikimwangukia Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Nilimchukia yule baba kwa moyo wangu wote. Nimeirudia juzijuzi, binti yangu akiwa na miaka 11. Bado namchukia Zakaria, lakini nilijikuta namtazama Regina, mama, aliyesimama katikati ya mume na watoto bila nguvu ya kumzuia yeyote. Nilifunga kitabu nikaenda kumtazama binti yangu amelala. Riwaya mpya isingenifikisha pale kwa sababu isingekuwa na mimi wa kidato cha tatu ndani yake.

Ukirudia sana hauchoki?

Vingine vinachosha. Ziko riwaya mbili nilizozipenda sana nikiwa msichana, na nilipozirudia nikakuta nilichokipenda kilikuwa kwenye umri wangu. Nilizigawa kwa amani.

Watu hudhani hadithi za upelelezi ndizo haziwezi kurudiwa, kwa kuwa muuaji ameshajulikana. Kwangu si hivyo. Muhammed Said Abdulla aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, na ndani yake Bwana Msa na kiko chake anafumbua fumbo huku rafiki yake Najum akimfuata nyuma. Ukisoma mara ya kwanza unatembea na Najum, huelewi kitu. Ukirudia unakaa upande wa Bwana Msa. Unaona pale mwandishi alipoiweka dalili mbele ya macho yako, tena wazi, halafu akakushughulisha na maneno mengine ili upite.

Kwenye daladala kweli mtu anasoma?

Akiwa amesimama, hapana, asijitese. Akikaa, ndiyo. Asubuhi mimi nageuza na gari: napanda ile inayokwenda Gongo la Mboto, nageuka nayo kuelekea mjini. Nalipa nauli mara mbili, lakini tukifika kituo chenye watu nakuwa nimeshakaa, dirishani, begi mapajani na kitabu juu ya begi. Nauli ile ya pili naiona kuwa ni bei ya saa moja ya kusoma, na sijawahi kuijutia.

Mambo machache niliyojifunza. Kivishe kitabu jalada la karatasi ngumu, mimi natumia kalenda ya mwaka uliopita, kwa sababu ya jasho la mikono na mvua ya dirishani. Mwambie konda kituo chako mapema. Na kama ni mtu wa kichefuchefu, soma gari likiwa limesimama kwenye foleni, likianza kutembea inua macho. Foleni za Dar zitakupa kurasa za kutosha. Wapo ambao hata hivyo kichwa kinawauma. Hao waache kusoma garini kabisa, wasome kituoni.

Jioni sisomi garini. Giza, uchovu, na kila mtu ana fuko la mboga.

Saa ngapi ya wiki unaipenda zaidi kwa kusoma?

Saluni, siku ya kusuka. Rasta ndogo zinachukua saa 5, wakati mwingine 6, na mwanamke huna pa kwenda. Kichwa kimeinamishwa, kitabu kiko magotini, mikono iko huru. Wenzangu wanatazama simu mpaka chaji inakwisha, mimi nakwenda kurasa 70.

Mwaka jana msusi wangu, dada anayenisuka tangu sijaolewa, alichoka kuniona nacheka peke yangu. Akasema, "Mama, kama ni tamu hivyo si usome na sisi tusikie?" Nikasoma kwa sauti. Ilikuwa Siku Njema ya Ken Walibora, Kongowea ameondoka Tanga, anakwenda mpaka Kitale kumtafuta baba yake. Mashine ya kukaushia ilizimwa bila mtu kuamrisha. Mama mmoja aliyekuwa amemaliza, nywele zimeshachomwa maji, alikaa tena kwenye benchi. Tulipofika mahali nikakohoa, yule msusi akanipa maji yake ya kunywa na kuniambia niendelee, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Nilitoka pale saa 2 usiku. Wiki iliyofuata alinipigia kuniuliza kama Kongowea alimpata baba yake. Nilimpelekea kitabu.

Nimeacha kusoma tangu kidato cha nne. Nianze na nini?

Anza na kile ulichowahi kukipenda, hata kama ni kimoja na hata kama ulikisoma nusu. Usianze na orodha ya vitabu bora vya mtu mwingine. Mguu uliokaa muda mrefu bila kukimbia huanzishwa kwenye njia unayoijua.

Kama hakipo hata kimoja, chukua kinachokwenda mbio: Bwana Msa niliyemtaja, au Siku Njema. Na kwa upendo kabisa nakuonya kuhusu Nagona ya Kezilahabi. Ni nyembamba mno, utaiona rafuni udhani ni ya wikiendi moja. Ile inataka msomaji aliyekwisha kuchangamka, anayekubali kupotea njiani. Ifikie baadaye, na ukiifikia isome mara 2 mfululizo.

Riwaya nilizosoma shuleni zilinichosha. Naweza kuzirudia?

Hizo ndizo za kurudia kwanza. Naamini hatukuzisoma. Tulizichambua kabla ya kuzisoma.

Nina nakala ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, niliinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa, DHAMIRA: UKOMBOZI WA MWANAMKE. Pembeni mwa kila ukurasa kuna ufupisho: taswira, tashbiha, msimamo wa mwandishi, swali la sehemu C. Yule mtoto alifanya kazi kubwa. Lakini pale Maimuna anapotoroka nyumbani, pale ambapo mtu mzima unashika kifua, ameandika neno moja tu: "athari."

Namwelewa, kwa sababu na mimi nilifundishwa hivyo. Mwalimu wetu alitusomea fani na maudhui ubaoni siku ya kwanza, na tulikariri wahusika na sifa zao kabla hatujakutana nao. Tulifaulu. Hakuna aliyelia darasani, wala aliyecheka. Kwa wenzetu wa Kenya nasikia hadithi ileile. Siku Njema na Utengano zote ziliwahi kutahiniwa huko, na watu wazima wengi wanavikumbuka vitabu hivyo kama karatasi ya mtihani.

Sasa huna mtihani. Soma bila kalamu. Ukifika mwisho usijiulize ujumbe ni upi. Jiulize tu ni nani kati yao ungependa kumkaribisha chakula cha usiku. Maksuudi, baba yake Maimuna, mimi simkaribishi. Biti Kocho aje, tena akae karibu nami.

Simu inanimaliza. Nifanyeje?

Iweke mbali na mkono. Nia njema peke yake haitoshi, mimi niliijaribu. Usiku simu yangu inalala sebuleni kwenye chaji, na chumbani nina saa ndogo ya mezani ya kuniamshia saa 11 alfajiri. Ukisoma kitabu ndani ya simu yenyewe, zima data kwanza.

Nikisoma kurasa 2 usingizi huu hapa.

Basi lala. Mwili umedai chake. Hamisha kusoma kwako kwenda asubuhi au mchana, wakati macho ni mapya. Kitandani soma kile unachokijua kwa moyo, kurasa hizohizo 2 zinatosha, na usione vibaya kukirudia kesho pale ulipoishia kusinzia.

Kuna vitabu vya biashara na kujiendeleza. Riwaya si kupoteza muda?

Hili huulizwa na wanaume zaidi, na huulizwa kwa heshima, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Vitabu hivyo ninavyo viwili, vimenisaidia kupanga hesabu za duka. Lakini kazi yangu ni watu. Mteja anaingia na hasira za nyumbani kwake, mwingine anataka kitenge cha msiba na hataki kusema ni msiba wa nani, mwingine anapunguza bei kwa sababu hana na anaona haya kusema hana. Subira niliyonayo kwao sikuipata kwenye vitabu vya hesabu. Nimekaa miaka mingi ndani ya vichwa vya watu wa riwaya, na kidogokidogo nimezoea kungoja kabla ya kumhukumu mtu.

Hata hivyo, kama riwaya isingekuwa na faida yoyote, bado ningesoma. Kupumzika ni haki ya mtu anayefanya kazi.

Mume wangu anasema najitenga nikishika kitabu.

Mwingize ndani, mama. Usimfukuze. Wangu alikuwa hivyohivyo mwanzoni, akirudi zamu ya usiku ananikuta na kitabu kabla hata chai haijachemka, anakunja uso. Siku moja nikamsimulia kwa ufupi nilipofikia, kama ninavyomsimulia habari za mtaa. Sikumwambia mwisho. Kesho yake anavua viatu mlangoni na swali la kwanza ni, "Denge keshakamatwa?" Tangu siku hiyo ananiulizia watu wa vitabuni kama anavyowaulizia wakwe. Hajasoma riwaya hata moja, na anazijua zote.

Nina watoto wadogo, hawaniachii dakika moja.

Ukiwa na kichanga, kusoma kwako ni wakati wa kunyonyesha usiku, kitabu chepesi kinachoshikika kwa mkono mmoja, taa ndogo. Wakianza kutembea ni kipindi kigumu, vumilia, kinapita. Kuanzia miaka 6 au 7 mnaweza kusoma pamoja.

Nyumbani kwetu baada ya magharibi, chakula kikiwa jikoni, kila mtu ana kitabu kwa dakika 20. Siku nyingine nawasomea kwa sauti Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Ni ya mwaka 1952, na Kiswahili chake kina maneno ambayo nalazimika kuwaelezea, lakini wale ndugu waliogeuzwa manyani hawawachoki. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 7, ananisahihisha nikiruka sentensi. Yeye ndiye mrudiaji mkubwa kuliko sisi sote. Watoto wanajua siri hii bila kufundishwa: hadithi ikiwa nzuri, inaombwa tena kesho.

Vitabu nitavipata wapi, na kwa bei gani?

Bei hubadilika, sitakupa. Kwa Dar, duka la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora ndilo ninaloanzia, na vitabu vya wachapishaji Mkuki na Nyota utavikuta hapo. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ipo tangu mwaka 1967, na watu wanapita mbele yake kila siku bila kuingia. Ingia. Hata kwa kukaa tu, kuna kiti na kuna utulivu, vitu viwili ambavyo mjini ni adimu.

Wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga chini, hao ndio marafiki zangu. Riwaya nyingi za Kiswahili za zamani hazichapwi mara kwa mara, zikiisha sokoni zimeisha. Ukiiona uliyoitafuta, nunua siku hiyo. Nimewahi kusema "nitapitia kesho," na hiyo kesho nikakuta mahali patupu.

Hapa pia kurudia kunasaidia mfuko. Rafu yangu ina vitabu 31. Kwa msomaji wa mara moja ni miaka miwili na nusu tu. Kwangu ni vya maisha.

Kuna mtu amenitumia riwaya nzima kwenye WhatsApp. Nisome?

Nakuomba usiipeleke mbele. Mwandishi wa Kiswahili na mchapaji wake wanaishi kwa nakala chache zinazouzwa. Kila faili linalozunguka bure ni sababu nyingine ya kitabu kutochapwa tena, halafu tunakaa kulalamika kwamba hakipatikani. Kama huna pesa, azima nakala ya mtu au nenda maktaba.

Niko nje ya nchi. Kusikiliza badala ya kusoma kunahesabika?

Kunahesabika kabisa. Hadithi zetu zilisikilizwa kabla hazijachapwa, na wengi wetu tumekua na hadithi za redioni.

Nina mdogo wangu Muscat, anafanya kazi za ndani, siku yake si yake. Kitabu hana nafasi ya kukaa nacho. Mimi humsomea sura moja kila Alhamisi usiku, namtumia kama ujumbe wa sauti, yeye anasikiliza anapopiga pasi. Tumemaliza Vuta N'kuvute hivyo. Anasema huko anakofanya kazi bibi wa nyumba ana asili ya Unguja, Kiswahili chake ni cha zamani na kitamu, na siku moja alisimama mlangoni akasikiliza. Alipotajiwa Ng'ambo, akavuta kiti. Sasa nikichelewa Alhamisi, ninaulizwa na watu wawili.

Ipo miezi usiyosoma kabisa?

Ipo. Kuelekea Idi na Desemba yote duka linafunga usiku, na mimi nikifika nyumbani sina hata macho. Sijilaumu. Januari inapoanza sichukui kitabu kipya, narudi kwenye kimoja cha zamani mpaka niizoee tena hali ya kusoma, ndipo Jumapili moja nafungua kipya. Mwaka huu kipya hicho ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Naisoma Jumapili tu, polepole. Najua nitairudia, kwa hiyo sina sababu ya kuikimbiza.

Nimeanza riwaya, haininogei. Niache?

Acha ukurasa wa 40. Ijaribu tena baada ya miaka 5.

Unaweka kumbukumbu gani za unachosoma?

Siandiki muhtasari. Ndani ya jalada la nyuma naandika kwa penseli mwezi, mwaka na mahali nilipomalizia. Vuta N'kuvute yangu ina mistari mitano. Wa kwanza umeandikwa "bwenini." Wa pili, "Buguruni, chumba cha Mama." Wa tatu, "wiki moja kabla ya harusi." Wa nne umeandikwa wodini, mwandiko umepinda kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na dripu. Wa tano, "dukani, mvua, hakuna wateja." Nikifungua nyuma kabla ya kufungua mbele, nawaona wote watano wamekaa.

Unaazimisha vitabu? Wakikipoteza je?

Naazimisha, na vingine vimepotea, na iliniuma. Kile chenye mistari mitano niliapa hakitoki nyumbani. Mwaka juzi mpwa wangu alipata chuo Dodoma, akaja kuniaga, akasimama mbele ya rafu muda mrefu, halafu akaniuliza kwa adabu, "Shangazi, ulichokirudia zaidi ni kipi?" Nilikitoa nikampa. Kilikaa kwake miezi 7, na mimi kila wiki nilijizuia kukiulizia. Kilirudi ndani ya mfuko wa nailoni, jalada la kalenda limebadilishwa, na nyuma, chini ya mistari yangu, kuna wa sita kwa kalamu ya bluu: "Dodoma, usiku, umeme umekatika. Mwajuma!"